Mke wa Mzee wa Saa Alifia Nchi Gani?

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la vioo, pale barabara mbili zinapokutana, na mimi fundi viatu ndiye ninayeshinda nalo kutwa. Ukiniondoa mimi, wa kudumu ni wanne. Yupo Wakili, ambaye mahakamani alikuwa tarishi wa kubeba mafaili mpaka akastaafu. Yupo Mkia, aliyepakia mizigo kwenye ndege miaka kumi na minane hadi mgongo ukamgomea. Yupo Mama Birika, anayetuuzia kahawa. Na yupo Mzee wa Saa, mwenye kibanda cha kutengeneza saa ng'ambo ya barabara. Mke wake alikwenda nchi ya mbali kumtunza kikongwe wa watu, akaaga kwa miaka miwili. Ikawa kumi na mmoja. Mwaka huu, mwezi wa pili, alipanda ndege kurudi nyumbani moja kwa moja, akafia angani. Tulimzika. Lakini cheti cha kifo kiligoma kutoka miezi mitano, maana fomu ina kisanduku kinachouliza marehemu amefia nchi gani, na kila karani alikuwa na jibu lake. Alasiri hiyo Mzee wa Saa alirudi kutoka ofisini kwao na bahasha mkononi, akakaa bila kusalimia mtu.

— Wamekupa? nikamuuliza.

— Wamenipa.

— Afadhali, alisema Mama Birika, akimjazia kikombe.

— Hebu soma, Wakili. Miwani yangu nimeisahau kibandani.

Alikuwa ameivaa. Hakuna aliyemwambia.

Wakili akasoma, akakunja uso, akasoma tena. Nchi iliyoandikwa pale, hakuna kati yetu aliyejua hata iko upande gani wa dunia.

— Hapa pana kosa, alisema. Shemeji alipandia ndege kule, akateremshwa hapa kwetu. Hii nchi ya tatu imetokea wapi?

— Ndivyo nilivyowauliza. Wakasema ndiyo sheria.

— Sheria ipi? Sheria ni ya nchi iliyo chini ya tumbo la ndege! Ukipita juu ya shamba la mtu, uko shambani kwake. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

— Sasa hapo mwenyeji kapona nini? aliuliza Mama Birika.

— Kapona kuvunjiwa sheria zake.

— Kwa hiyo ndege ikipita nchi sita, abiria abadilishe sheria mara sita, na chai yake haijapoa?

— Haba na haba hujaza kibaba, mama.

— Na juu ya bahari?

Wakili akanywa funda moja, apate muda.

— Bahari haina mwenyewe. Hapo unarudi kwenye sheria za mama aliyekuzaa. Lakini asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na kule juu hakuna ulimwengu, kuna mawingu matupu. Basi unabaki mikononi mwa rubani. Neno lake ndiyo katiba.

— Na rubani akisinzia?

— Msaidizi wake anaapishwa palepale.

— Mimi naona ni chakula, alisema Mama Birika. Ukila chakula cha watu, wewe ni wao mpaka kikutoke.

Nami nikatia langu. Nikasema nchi ya mtu ni pale soli yake ilipogusa mara ya mwisho, kwa hiyo abiria yeyote ni raia wa ile ngazi ya ndege. Tukacheka. Nisikufiche, tulikuwa tunamchekesha yeye. Miezi mitano hiyo tulikuwa hatujui kazi nyingine ya kumfanyia. Lakini Mzee wa Saa alikuwa anakizungusha tu kikombe chake, na kahawa inapoa.

Mkia, ambaye hakuwa amefungua mdomo, akakohoa.

— Mmemaliza? Haya. Ndege inaandikishwa kama mtoto anavyoandikishwa. Ubavuni ina herufi, na herufi zile ndizo uraia wake. Ikiwa hewani, mliomo ndani mnahesabiwa mko chini ya sheria za kwao kwanza. Nchi mnayopita juu yake inaweza kuingilia jambo likiwa linaigusa, na mkishatua mmeingia mikononi mwa mlikotua. Lakini mwanzo ni zile herufi.

— Lakini kampuni ya ndege yenyewe si ya nchi hiyo, alisema Wakili.

— Ndege zinakodishwa. Nimepakia ndege yenye jina la watu hawa, herufi za watu wale, na rubani wa kwingine kabisa.

Wakili akamrudishia Mzee wa Saa cheti chake.

— Kwa hiyo, alisema Mzee wa Saa taratibu, mke wangu amefia nchi ambayo hakuwahi kuikanyaga.

— Kwenye karatasi, ndugu yangu. Kwenye karatasi tu.

— Basi na iwe hivyo. Ilimradi sasa wamemwandika. Wiki iliyopita karani aliniambia kwenye vitabu vyao bado yuko safarini.

Akatoa kwenye bahasha karatasi ya pili, barua ya kampuni ya ndege, akaikunjua juu ya goti.

— Hawa nao wanasema aligundulika hapumui masaa mawili na nusu kabla ya kutua. Nimetengeneza saa miaka thelathini na minne. Hayo masaa nimeyahesabu kwa saa za kule, nikayahesabu kwa saa za hapa, na bado sijui niseme mke wangu alikufa saa ngapi. Alikuwa akipiga simu kila Jumapili, dakika ishirini. Miaka kumi na mmoja. Tulishazoea kuwa mke na mume wa dakika ishirini. Hiyo Jumapili ya mwisho aliongea dakika tatu tu, akasema mengine tutaongea nikifika.

Nilikuwa nashona kamba ya kandambili ya dada mmoja mgeni, aliyeketi mwisho wa benchi na mguu wake mtupu juu ya kipande cha boksi. Alikuwa amevaa sare ya hospitali, na tulikuwa tumemsahau.

— Samahani, wazee wangu, alisema. Huyo mama, alikuwa amekaa na nani?

— Vipi, mwanangu? aliuliza Mzee wa Saa.

— Kwenye ndege. Kiti cha jirani. Mimi ni muuguzi. Mtu akifia wodini kwetu, ndugu zake wakifika, kabla ya lolote wanauliza nani alikuwa naye.

Wakili aliangalia barabarani. Mkia, anayezijua ndege nje na ndani, aliangalia mikono yake.

— Sikuuliza, alisema Mzee wa Saa.

Akaichukua ile barua akaanza kuisoma upya kutoka juu, kidole kikifuata kila mstari, mpaka kwenye sahihi na muhuri. Akaigeuza nyuma. Nyuma palikuwa peupe.

— Niliwauliza nchi, nikawauliza saa, nikawauliza mzigo wake uko wapi. Hilo sikuwauliza.

— Pengine wanaweza kukutafutia, baba, alisema yule dada, sauti imeshuka.

— Alipenda dirishani. Hata kwenye basi, lazima dirishani. Kama alikaa dirishani, basi upande mmoja hapakuwa na mtu.

Tukasubiri aseme upande wa pili.