Miaka Saba Bila Kuizima Miksa

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu. Leo tunamkumbuka fundi wa sauti. Si mwimbaji, si mtangazaji, ni fundi wa sauti. Mtu ambaye akifanya kazi vizuri hakuna anayemtazama, na siku mambo yakiharibika ukumbi mzima unamgeukia.

Wengi walimjua kwa jina la utani, Moja-Mbili. Kila asubuhi alipanda jukwaani mbele ya viti mia sita vitupu, akashika maiki na kusema, "Moja, mbili. Moja, mbili." Basi jina likamganda. Hata mkewe alimwita hivyo akiwa na furaha. Akikasirika alimwita mume wa mashine, na msimlaumu mpaka mmesikia yote.

Fundi alifanya kazi ukumbini miaka ishirini na tisa. Zamani alikuwa na miksa kuukuu, ile mashine ya kupanga sauti za maiki na spika, vitufe kibao na vumbi. Ilikwaruza, lakini haikuwahi kumwangusha. Kisha ikaja ya kidijitali, yenye kioo cha kugusa na taa za kila rangi. Aliyeichagua ni yeye. Narudia: aliyeichagua ni yeye. Wenzake walimwambia, "Tungoje kwanza tuone inawafanyia nini wengine." Akawacheka. "Nyie mtazikwa na nyaya zenu!" Ile kuukuu ikaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Mwaka wa pili, siku ya mahafali, miksa mpya ikaganda. Mgeni rasmi anafungua mdomo, anafunga mdomo, sauti hamna. Fundi akaizima, akaiwasha. Kimya. Akaizima, akaiwasha. Kimya. Ilikubali mara ya kumi na moja, watu wameshajiondokea. Meneja akapanda mbio, jasho linamtoka. "Kumetokea nini?" Fundi akajibu neno moja tu: "Umeme."

Jamani, umeme! Siku ile umeme haukuwa na kosa lolote. Lakini mtu ameisifia mashine mbele ya kila mtu, amewacheka wenzake, leo aseme nini? Akameza ukweli. Akaapa moyoni kwamba ile mashine haitazimwa tena. Na kweli haikuzimwa. Miaka saba, wasikilizaji wapendwa. Miaka saba haikuzimwa.

Sasa fikirieni maisha hayo. Kibanda cha sauti kina upana wa hatua tatu. Hakina dirisha la nje. Fundi alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, ufunguo shingoni. Alifunga betri ya akiba inayodumu dakika arobaini. Umeme ukikatika, aliacha chakula mezani na kukimbilia jenereta, kandambili mguu mmoja. Likizo hakuchukua. Angechukuaje? Atakayemshikia kazi ataizima jioni, kama mtu yeyote mwenye akili zake, na kesho yake ikigoma kuwaka, mambo yote hadharani. Hata kubandika karatasi ya "usizime" aliogopa, maana watu wangeuliza kwa nini. Aliyejua ni mkewe peke yake, naye aliapishwa.

Mtauliza, watengenezaji je? Aliwaandikia. Aliandika mpaka akachoka. Kila barua ilijibiwa kwa namba mpya ya malalamiko, na kila namba ilimrudisha kwa muuzaji, na muuzaji alishafunga duka siku nyingi. Mimi mtangazaji mambo haya yananichefua, kwa hiyo niacheni nipumue kidogo.

Baada ya miezi minne wakamtumia programu mpya. Wakasema kasoro hiyo wanaijua, na hiyo ndiyo dawa yake. Ipakie, halafu zima na uwashe. Akaipakia. Kioo kikaandika: zima kisha uwashe. Kabla hajagusa swichi, barua nyingine ikaingia. Mashine za aina ile wameacha kuzitengeneza. Vipuri hakuna. Msaada hakuna. Sasa akiizima ikagoma, amwite nani?

Mkewe alikuwapo kibandani, amempelekea chakula cha mchana. Ananiambia: "Nilikiona kidole chake kwenye swichi. Kikakaa pale. Nikamwambia, mume wangu, izime, liwalo na liwe. Akakiondoa. Akasema, kesho kuna watu."

Kesho kuna watu. Kila kesho ilikuwa na watu.

Wana binti mmoja tu. Aliolewa mbali, safari ya siku mbili. Baba mtu aliwahi kutania kwamba yule mchumba anaongea sana kuliko spika zake. Ulikuwa utani. Lakini kwenye harusi hakwenda. Mjukuu wa kwanza alipozaliwa, hakwenda. Wa pili, hakwenda. "Mwakani, mwanangu. Nikistaafu." Mama alikwenda peke yake, mara zote tatu, akaulizwa baba yuko wapi, akajibu ana kazi nyingi.

Mwezi uliopita, asubuhi, fundi alikuwa anafunga kamba za viatu aende kazini. Moyo ukasimama. Alibakiza miezi mitano kustaafu. Binti alifika mazishini, akamwambia mama yake maneno haya: "Baba amekufa hajanisamehe kwa mume niliyemchagua." Mama akakumbuka kiapo, akamfuta machozi tu.

Wiki mbili baadaye mjane alikwenda ukumbini kuchukua koti la marehemu. Akamkuta fundi mpya, mama wa makamo, anafuta meza. Mjane akatazama kioo cha miksa. Cheusi.

"Imezimika?"

"Nimeizima mimi, mama. Huwa naizima kila jioni nikimaliza kazi."

"Na inawaka?"

"Inawaka. Mbona isiwake?"

Akabonyeza swichi. Dakika moja na nusu, taa zote zikawaka. Dawa ilikuwa imo ndani tangu siku ile ya chakula cha mchana. Ilingoja izimwe mara moja tu, ifanye kazi.

"Nilikaa chini sakafuni," mjane ananiambia. "Kwanza nikacheka. Nikasema, mjinga we, mjinga wangu we. Halafu nikalia mpaka yule mama akafunga mlango."

Nilimuuliza kama niyaseme haya hewani. Nilidhani atakataa. Akasema: "Yaseme. Nikimpigia mwanangu simu naishia kuulizia wajukuu. Wewe anakusikiliza kila wiki. Mwambie."

Basi, wasikilizaji wapendwa, kabla sijamwambia, nina neno nanyi. Kama kuna uongo mdogo uliousema siku moja, na tangu siku hiyo umekuwa mlinzi wake, nenda ukaseme ukweli leo. Watacheka. Waache wacheke, na wewe upate kutoka. Kwa familia ya fundi, na kwa mafundi wenzake wote, poleni sana. Mungu awape subira.

Na wewe binti, huko uliko. Baba yako hakuwa na kinyongo na wewe, wala na mumeo, hata siku moja. Aliogopa kuzima mashine. Ni hilo tu, mwanangu, hakuna lingine. Mpigie mama yako. Amekaa karibu na simu.