Mzee Kelestini na Sukari ya Jumapili

Wasifu wa Marehemu Mzee Kelestini Fridolin, katekista mstaafu. Umesomwa makaburini, Ifakara, Jumamosi tarehe 11 Oktoba 1997.

Baba Paroko, wazee wetu, ndugu, majirani na wote mliotoka mbali, poleni na msiba.

Wengi mmeshaona kwamba jeneza la Mzee Kelestini halina utepe mweupe wa Chama cha Kiasi, na tangu asubuhi minong'ono inazunguka chini ya turubai. Mzee aliyeweka nadhiri ya kutoonja kileo akiwa na miaka ishirini na minne, akakiongoza chama hicho miaka ishirini na sita, anazikwaje kama mtu aliyefukuzwa? Familia ilikaa jana kujadili kama jambo hili litajwe. Mtoto wa kwanza, Hilary, alishauri lipite kimya kimya, maana funika kombe mwanaharamu apite. Kitinda mimba, Eveline, alikataa, ndipo akapewa kalamu. Kwa kuwa wasifu ni wa marehemu na si wa msomaji, neno "mimi" halina nafasi hapa, na Eveline atajitaja kwa jina kama anavyowataja wengine. Si kwamba anajificha nyuma ya jina. Ameshajificha vya kutosha.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Februari 1931 huko Mahenge, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Fridolin na Mama Bernadeta. Mama Bernadeta alipika kangara iliyowatoa watu vilima vya mbali, na Kelestini alikua katikati ya mitungi. Kabla hajajua kusoma, pua yake ilijua kutofautisha pombe ya jana na ya juzi. Mteja mwaminifu kuliko wote alikuwa baba yake mwenyewe. Mwezi Aprili 1943 Mzee Fridolin alitoka kilabuni, mvua ikamkuta njiani, akajilaza kando ya kijito kilichokuwa kinajaa. Asubuhi mtoto wa miaka kumi na miwili alitumwa kumtafuta, naye ndiye aliyemkuta. Habari hiyo Marehemu aliwasimulia wanawe mara moja tu katika maisha yake yote.

Alisoma shule ya misheni Mahenge darasa la kwanza hadi la nne, kuanzia 1941 hadi 1944, kisha akarudi kulima na kumsaidia mama yake. Mwaka 1953 alichaguliwa kwenda chuo cha makatekista, akahitimu mwishoni mwa 1954. Katika sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, tarehe 19 Machi 1955, aliweka nadhiri ya kiasi mbele ya altare na kuvishwa utepe mweupe. Mama Bernadeta hakwenda kanisani siku hiyo. Alisema mwanawe amekwenda kuyakana kwa kiapo maziwa aliyonyonya.

Alianza kazi Sanje mwaka huohuo. Tarehe 6 Septemba 1958 alifunga ndoa na Mama Agnella, na ndoa hiyo inakumbukwa Sanje kwa sababu ya togwa. Bwana harusi aliagiza wageni wapewe togwa tu, isiyolevya. Wapishi, kwa kuogopa kuchelewa, waliipika siku tatu kabla, na togwa iliyolala siku tatu kwenye joto la bondeni si togwa tena. Wageni walipoanza kuchangamka kupita kiasi, Kelestini alinusa mtungi wa kwanza, akachovya ncha ya kidole, akaamuru mitungi yote minne imwagwe. Wajomba wa bibi harusi walishushia wali kwa maji ya kisima, wakasema hawajawahi kuona harusi ya kunyweshana kama ng'ombe. Mama Agnella bado anacheka akiisimulia, ingawa siku ile alilia. Walijaliwa watoto saba, mmoja akatangulia mbele ya haki akiwa mchanga.

Mwaka 1968 alihamishiwa Kisawasawa, na mwaka uliofuata akachaguliwa kuwa mwenyekiti wa Chama cha Kiasi. Alifundisha mamia ya watoto Komunyo ya Kwanza, alilima mpunga wake mwenyewe, na hakukubali kupewa kuku na wazazi wa wanafunzi mpaka mwanafunzi afaulu. Pua yake ilikuwa tishio. Mwanachama aliyeteleza Jumamosi alikaa benchi la nyuma Jumapili, na bado Mzee alimfikia.

Wanachama wanaijua desturi ya chama. Mwanachama akifa, mwenyekiti huja msibani na kumuuliza aliyemuuguza, mbele ya watu wote, "Je, ameondoka na neno lake?" Aliyeuguza akijibu ndiyo, utepe mweupe huwekwa juu ya jeneza. Akijibu hapana, utepe hurudi kwenye sanduku la chama.

Mwezi Julai 1992 alifariki huko Kisawasawa Mzee Limbu, aliyekuja na ng'ombe wake kutoka Usukumani, akabatizwa na kuweka nadhiri kwa mkono wa Marehemu mwenyewe. Alikuwa rafiki yake. Kifua kilimsumbua miezi mitatu, na mkewe, Mama Seni, alimuuguza peke yake. Marehemu alipouliza swali la chama, Mama Seni hakutafuta maneno.

"Hakuondoka nalo," alisema. "Alikunywa dawa ya mizizi, na mizizi ililowekwa kwenye gongo. Nilimpa mimi."

Wazee wakamwomba mwenyekiti alegeze, kwa kuwa dawa ni dawa. Alijibu kwamba chama hakina neno dawa, kina neno kileo. Limbu akazikwa bila utepe, na Mama Seni akarudi nyumbani akiwa mjane aliyesema kweli na kuadhibiwa kwa hiyo kweli. Eveline alikuwapo siku ile. Alimwona baba yake akitembea kurudi nyumbani akiwa amenyooka, na alijivunia. Leo anaona haya kwamba alijivunia.

Marehemu alistaafu mwaka 1995, akamkabidhi Mzee Nikodemu uenyekiti, na yeye na Mama Agnella wakahamia Viwanja Sitini, hapa Ifakara, kwa Eveline. Utepe wake aliuhifadhi ndani ya Biblia.

Ugonjwa ulianza Februari mwaka huu. Kwanza ugali ulimkwama, halafu wali, halafu hata uji ukawa unapita kwa machozi. Mwezi Mei madaktari walisema ni saratani ya koo, na kwamba imefika mahali ambapo kisu hakisaidii. Walimhudumia vizuri, familia inawashukuru. Alirudi nyumbani. Kufikia katikati ya Juni alikuwa anafunga mdomo akiona kijiko.

Eveline anauza lambalamba kwa watoto wa shule, kwa hiyo ana friji. Na kabla ya hapo alifanya kazi miaka sita jikoni kwa masista, ambako alijifunza kutengeneza aiskrimu ya kweli. Si kazi ngumu. Lita moja ya maziwa, vijiko vinne vya kastadi, kikombe cha sukari. Unapika mpaka iwe nzito, unapoza, unaweka kwenye bati ndani ya friji, na kila baada ya nusu saa unakoroga isifanye mawe. Alimtengenezea baba yake Jumapili tarehe 15 Juni. Lakini friji ya Eveline ni ya lambalamba, haijui kiasi, na aiskrimu ikaganda kama tofali. Kipande kilimkwaruza Mzee kooni, akakitema chenye damu, akamwomba radhi bintiye kwa kumchafulia shuka.

Sista mpishi alikuwa na siri moja ya siku za sikukuu. Alitia ramu kidogo kwenye aiskrimu, na ramu hairuhusu igande sana. Inabaki laini kama siagi iliyoachwa mezani. Eveline aliikumbuka siri hiyo siku tatu mfululizo, na siku tatu alijikataza. Siku ya nne alikwenda mpaka duka la karibu na stesheni, wasikomjua, akanunua chupa ndogo, akasema ni ya keki. Akaifunga kwenye gazeti, akaificha nyuma ya debe la mchele.

Jumapili tarehe 22 Juni, watu walipotoka Misa ya pili, alimwekea baba yake vijiko vitatu vya aiskrimu kwenye glasi, akaongeza kifuniko kimoja cha ramu, akamiminia fanta polepole ubavuni mwa glasi. Povu likapanda mpaka mdomoni. Mzee alilitazama povu lile akacheka, na kicheko kilikuwa hakijasikika ndani ya nyumba tangu Pasaka. Akaonja, akameza. Akaonja tena. Glasi nzima ikaisha, na ilikuwa siku ya tisa tangu ameze kitu bila kulia.

Kisha akauliza, "Umetia nini humu, mwanangu?"

"Sukari, baba."

Alimtazama bintiye kwa muda. Halafu akasema, "Sukari nzuri."

Basi ikawa kila Jumapili. Kabla ya kijiko cha kwanza aliuliza umetia nini, na Eveline akajibu sukari. Katikati ya wiki alikubali walau maziwa na mchuzi, kwa sababu aliyemeza Jumapili anaamini atameza Jumatatu. Mwezi Agosti dhamira ilimchoma Eveline, akatengeneza isiyo na ramu, akaikoroga mpaka mkono ukauma ili iwe laini. Mzee alionja kijiko kimoja, akakirudisha kwenye glasi taratibu, akasema, "Leo sukari imesahaulika." Eveline akaenda nyuma ya debe la mchele.

Mtu atauliza, pua iliyomwaga mitungi minne ya togwa ilikuwa wapi? Eveline alijiambia kwamba ugonjwa umeiua. Alijiambia hivyo kwa sababu ilimfaa. Hakumwambia mama yake, hakumwambia Padre kitubioni, na usingizi ulimpaa akiwaza siku ambayo Mzee Nikodemu atasimama mbele ya watu na kumuuliza yeye, aliyemuuguza, swali la chama. Jibu la uongo alikuwa ameshalifanyia mazoezi.

Glasi zilikuwa kumi na tano. Ya mwisho, Septemba 28, aliinywa nusu, akamwambia Mama Agnella amalizie. Jumapili iliyofuata hakuweza kuinua kichwa. Mzee Kelestini alifariki Alhamisi tarehe 9 Oktoba 1997, saa nne asubuhi, Mama Agnella akiwa amemshika mkono.

Jana asubuhi Mzee Nikodemu alifika. Alisalimia, akatoa pole, akaketi mkekani. Watu wakangoja swali. Eveline alikuwa amesimama mlangoni. Mzee Nikodemu hakuuliza. Mwishowe Hilary akamkumbusha desturi.

"Siulizi," alisema Mzee Nikodemu, "kwa sababu nilishajibiwa na mwenyewe."

Akaeleza. Jumatatu tarehe 23 Juni, siku moja baada ya glasi ya kwanza, Eveline akiwa sokoni, Marehemu alimwita. Alitoa utepe ndani ya Biblia, akamwekea mkononi. Alisema alionja jana, na Mungu akipenda ataonja tena Jumapili. Mzee Nikodemu akamwambia kwamba ni dawa, na kwamba chama kingeelewa. Marehemu alikataa. Mzee Nikodemu aliyarudia maneno yake jinsi alivyoyasikia:

"Neno hilo nilimnyima Limbu. Siwezi kulichukua mimi. Huu utepe ni wake, mpelekee nikishaondoka. Na msimuulize mtu aliyenipa. Aliyekunywa ni mimi."

Hivyo alijua tangu kijiko cha kwanza. Aliitoa heshima ya miaka arobaini na miwili siku moja tu baadaye, akarudi kitandani, akamwacha bintiye aendelee kuamini kwamba siri ni yake peke yake. Eveline amewaza sana tangu jana. Kilichomuumiza zaidi si ile ramu, maana ramu ilimfanya baba yake acheke. Ni lile swali. Kila Jumapili Mzee aliuliza umetia nini humu, na kumbe hakuwa anauliza ili ajue. Alikuwa anamfungulia bintiye mlango. Mara kumi na tano aliufungua, na mara kumi na tano Eveline akajibu sukari.

Marehemu ameacha mjane, Mama Agnella, watoto sita, wajukuu kumi na tisa na vitukuu wawili. Mama Seni ametoka Kisawasawa na yuko hapa mstari wa mbele. Utepe aliokabidhiwa na Mzee Nikodemu ameushika mkononi, na kesho utapelekwa kwenye kaburi la mumewe. Familia inamwomba msamaha kwa niaba ya Marehemu, ambaye alichelewa miaka mitano kuuomba, lakini aliuomba kwa kitu alichokipenda kuliko vyote.

Limebaki jambo moja. Desturi ya chama inataka aliyeuguza ajibu mbele ya watu, na jana swali halikuulizwa. Mama Seni alilijibu alipoulizwa. Eveline analijibu bila kuulizwa, na kwa hapa tu wasifu utamvumilia.

Hakuondoka na neno lake. Nilimpa mimi.

Mwanga wa milele uwaangazie wote wawili, Kelestini na Limbu, na wapumzike kwa amani.