Wakufunzi Watufuate Pruitt Fork

Mgeni rasmi, Daktari Maureen Ashby, Makamu Mkuu wa Chuo. Mkuu wetu wa Shule. Bi Wilma Cornett, muuguzi wa shule. Wazazi, majirani na wanafunzi wenzetu:

KARIBU

Umevuka milima miwili kutufikia, na barabara yetu haina huruma na tumbo la mtu. Tumejua hivyo kwa sababu dereva wako aliomba maji kabla ya kusalimia. Karibu sana. Maharage na mkate wa mahindi viko tayari bwaloni, na mama zetu wameapa kwamba huondoki bila kula.

Risala hii ilikuwa isomwe na mwenzetu Tressa Mullins wa darasa la kumi. Amekataa. "Nikisoma mimi nitalia," alisema, "halafu mgeni ataondoka anakumbuka machozi, ombi kalisahau." Kwa hiyo ninasoma mimi, Garnet Sloan, kwa niaba ya wote. Ila mengi utakayoyasikia yalimpata Tressa, na ametupa ruhusa tuyaseme.

TULIKOTOKA

Hospitali yetu ilifungwa miaka minne iliyopita. Tangu hapo, mtu akizidiwa Pruitt Fork, husafirishwa saa nzima na robo, barabara ikiwa kavu. Wauguzi waliokuwa wakiishi hapa walifuata kazi mijini, na hatuwalaumu.

Bi Wilma, ambaye anahudumia shule tatu peke yake, ndiye aliyeleta wazo. Mwanafunzi wa hapa aanze masomo ya chuo akiwa bado sekondari, ili siku anayomaliza shule awe tayari na cheti cha muuguzi msaidizi, na nusu ya safari ya kuwa muuguzi kamili awe ameshaimaliza. Aajiriwe hapahapa, awatunze watu wa hapahapa. Wanafunzi kumi na tisa tukaandika majina siku ya kwanza.

Mwezi wa tisa tuliitana bwaloni kupanga ratiba. Bi Wilma aliandika ubaoni: basi linaondoka saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi kwenda chuoni, linarudi saa kumi na moja na nusu jioni, siku nne kwa wiki. Bwana Burl Napier, dereva wetu, akasema basi analo na moyo anao. Watu wakapiga makofi.

Tressa hakupiga. Alikuwa amekaa karibu na mlango, amejikunyata ndani ya koti la babu yake. Alituambia baadaye kwamba alijiona kama mwizi, maana wazazi wote walikuwa wanatabasamu na yeye ndiye angewaharibia. Akanyoosha mkono.

"Samahani, Bi Wilma. Nani atampa babu kifungua kinywa?"

Wengine walicheka, wakidhani ni utani. Bi Wilma hakucheka. "Endelea, mwanangu."

"Babu hawezi kusimama jikoni. Pumzi inakata. Asubuhi namwandalia chakula, nabadilisha maji ya mashine ya oksijeni, namvalisha soksi. Mchana huwa nakimbia nyumbani kumwangalia, narudi darasani. Mama hayupo, na hatujui yuko wapi. Mimi naitaka kozi hii kuliko mtu yeyote humu ndani. Lakini nikiwa kule chuoni mpaka jioni, babu atakaa na nani?"

Kisha Bi Wilma akauliza, "Nani mwingine ana mgonjwa nyumbani anayemtegemea?"

Mgeni rasmi, mikono kumi na mmoja ilinyooka. Kumi na mmoja kati ya kumi na tisa. Mmoja ulikuwa wangu, kwa ajili ya mama. Tulisoma darasa moja tangu utotoni, na hakuna aliyejua habari za mwenzake.

Bwana Burl akavua kofia. "Nimewabeba watoto hawa miaka mingapi," akasema, "wanasinzia garini, nami nawafokea waache simu."

Bi Wilma akachukua kifutio, akafuta ratiba yote.

TULIYOYAFANYA

Tuliandikia chuo kuomba wakufunzi waje huku. Tukisubiri jibu, tuliomba funguo za chumba kimoja cha ile hospitali iliyofungwa, kile cha mazoezi ya viungo. Tulikipiga deki, tukakipaka rangi, baba zetu wakarudisha umeme. Bi Wilma alianza kutufundisha kila Alhamisi mambo ya mwanzo. Tulikuwa na vitanda viwili na vipimo vya presha vitatu. Mgonjwa wa kujifunzia hatukuwa naye.

Orbin Mullins, babu yake Tressa, alipopata habari hizo alisema, "Nipelekeni mimi. Nimeshachomwa sindano na watu nisiowapenda, itakuwa nyinyi?"

Bwana Burl akawa anamleta na mtungi wake wa oksijeni. Alikuwa mwalimu mkali. Ukimshika bila kumwambia unachotaka kufanya, anavuta mkono. "Nisalimie kwanza. Mimi si gunia." Ukimfunga kipimo cha presha kwa nguvu, anapiga yowe: "Polepole, kijana! Huo ni mkono, si kamba ya ng'ombe!"

Siku moja alimwambia mwenzetu Dalton Fugate amsikilize mapafu kwa stetoskopu.

"Unasikia nini?"

"Kama... kama mtu anakunja karatasi, mzee."

"Basi hiyo ndiyo miaka thelathini na moja ya vumbi la makaa ya mawe mgodini. Usiisahau sauti hiyo. Utaisikia kwa wengi huku."

Tressa alikuwa amesimama pembeni, ameshika mtungi. Anasema alizoea kumwona babu yake kama kazi inayomsubiri nyumbani, na akajichukia kwa kuwaza hivyo. Siku ile alimwona anaketi wima kama mtu aliyeitwa tena kazini, na kwenye gari akamwambia, "Babu, kumbe unajua kufundisha." Mzee akajibu, "Hukuwahi kuniuliza."

Mpaka leo hakuna hata mmoja kati yetu aliyeacha Alhamisi zile.

YALIYOTUPATA

Mwezi wa pili theluji ilianguka siku tatu. Asubuhi ya siku ya tatu Orbin alishindwa kumaliza sentensi. Tressa alipiga simu ya dharura, akamketisha wima, akamweka mito mgongoni, akahesabu pumzi zake na kuziandika kwenye kiganja kwa kalamu. Gari la wagonjwa lilichukua saa moja na dakika hamsini kufika. Muda wote huo alikuwa akimwambia kila anachokifanya, kama mzee alivyotufundisha. "Babu, nakugeuza kidogo. Babu, nafungua kifungo cha shati."

Wahudumu walipoingia aliwasomea kiganja chake: pumzi, mapigo ya moyo, dawa alizokunywa na saa zake. Mmoja akamuuliza, "Wewe ni muuguzi?"

"Hapana," akasema. "Mimi mjukuu."

Orbin Mullins alifariki hospitalini siku ya pili yake, Tressa akiwa amemshika mkono. Tulimzika juu ya kilima, na wanafunzi wote kumi na tisa tulikuwepo.

Wiki mbili baada ya mazishi, jibu la chuo lilifika. Barua ilisema kwamba wakufunzi hawawezi kuja huku, bali wanafunzi wanaoweza kusafiri wanakaribishwa kuanza mwezi wa nane. Bi Wilma alimwendea Tressa kwa shangazi yake, alikohamia baada ya mazishi, akamweleza kwa upole kwamba sasa nafasi ya kwenye basi anayo.

Tressa aliomba aione barua, akaisoma yote. Kisha akasema, "Ina maana jana sikufaa, leo nafaa, na kilichobadilika ni kwamba babu amekufa."

"Mwanangu, si hivyo walivyokusudia."

"Najua hawakukusudia. Lakini Bi Wilma, Garnet naye asubiri mama yake afe? Dalton asubiri kaka yake? Sipandi basi hilo."

Tulikwenda kumsihi, mimi wa kwanza. Nilimwambia asijiponze kwa ajili yetu. Alinitazama akasema, "Sijiponzi. Nataka kusoma huku, na nataka kusoma na nyinyi. Wewe hutaki?"

TUNAYOYAOMBA

Mgeni rasmi, barua ile haikutukasirisha. Ilitufundisha kwamba hatukuwa tumejieleza, ndiyo maana tukakuita.

Tunaomba wakufunzi wawili, siku mbili kwa wiki, katika chumba chetu. Bwana Burl yuko tayari kuwafuata na kuwarudisha, na amesema kona atazipita taratibu. Tunaomba mazoezi ya maabara, yasiyowezekana hapa, tuyafanye chuoni Jumamosi, siku ambayo majirani wameshajipanga kwa zamu kukaa na wagonjwa wetu. Orodha ya zamu tumeiambatanisha. Na tunaomba saa tunazowahudumia wagonjwa nyumbani, Bi Wilma akizikagua, zihesabiwe kuwa mafunzo kwa vitendo. Kama haziwezi kuhesabiwa zote, zihesabiwe baadhi.

Tunajua chuo kina upungufu wa walimu. Tunajua pia kwamba shule yetu si ya kwanza kukuomba jambo. Lakini sisi kumi na tisa tulioandika majina tunamaliza sekondari baada ya miaka miwili tu, na wagonjwa wetu hawatapona ili kupisha ratiba.

Asubuhi ya leo, wakati risala imeshachapwa, Tressa ameongeza ombi moja kwa penseli chini ya ukurasa. Nalisoma kama alivyoliandika:

"Tafadhali mgeni asituambie kwamba sisi ni mashujaa. Atuambie mwalimu wa kwanza anakuja siku gani."

Mungu akulinde njiani, Daktari Ashby, wewe na dereva wako. Awape afya wakufunzi wako, na awatunze wagonjwa wetu mpaka tutakapojua kuwatunza vizuri zaidi.

Ni sisi,
Wanafunzi Kumi na Tisa wa Chumba cha Alhamisi, pamoja na Wazazi na Walezi wa Pruitt Fork, Kentucky.