Jina Ambalo Mama Yudith Hakulitaja

Mchungaji, wazee wa ukoo, majirani zetu wa Uyole, nanyi mliotoka Iringa, Chunya na Tukuyu kuja kulia pamoja nasi, mimi ni Jailos, mtoto wa pili wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya mama yetu, ingawa niliyoyaandika tulipofiwa siyo yote mtakayoyasikia leo, kwa sababu jana jioni historia hii ilibadilika mikononi mwetu, na mtanisamehe sauti ikinikatika.

Mama yetu, Yudith binti Jailos, alizaliwa mwaka 1901 huko Rutenganio, Tukuyu, akasoma katika shule ya misheni mpaka akaweza kujisomea Agano Jipya, kisha akatolewa darasani kumsaidia mama yake shambani, jambo lililomsikitisha hadi uzeeni.

Tarehe 12 Juni 1919 alifunga ndoa na baba yetu, Sedekia, mwana wa Kalinga, na hapa nasimama kidogo, kwa kuwa hilo ndilo jina ambalo Mama hakulitamka maisha yake yote. Kwetu Wanyakyusa mke hamtaji baba mkwe kwa jina, wala jina hilo halisemwi mbele ya mke huyo, na Mama aliishika heshima hiyo kwa mtu ambaye hakuwahi kumtia machoni, maana babu Kalinga alichukuliwa mwaka 1916 kubeba mizigo katika vita vya Mjerumani, asirudi, na hakuna aliyekuja kusema amelala wapi.

Mungu aliwajalia watoto watatu, Isakwisa aliyezaliwa mwaka 1921, mimi mwaka 1925, na dada yetu Marta mwaka 1929, baada ya wazazi kuhamia hapa Uyole, ambapo baba alifariki tarehe 3 Machi 1938 akamwachia Mama shamba la viazi na mahindi, na malezi yetu sote.

Kaka Isakwisa alikwenda kutafuta kazi kwenye machimbo ya dhahabu Makongolosi, na mwezi wa Februari 1942 mtu mmoja alituletea salamu zake za mdomo, kwamba ameingia jeshini, Mama asilie, atarudi. Vita vilipokwisha makoti ya jeshi yakaanza kupita barabarani, lakini yeye hakuwemo, na ofisini Mama aliambiwa kwamba hakuna askari aliyeandikishwa kwa jina la Isakwisa.

Tangu hapo, mbali na kilimo, Mama alikuwa na kazi nyingine ambayo wengi wenu mnaijua kuliko mimi. Kila askari aliyepita alimkaribisha ndani, akampa togwa, akamuuliza kwanza kama mama yake hajambo, kisha akamwomba amsimulie habari za wenzake walioanguka, wa ukoo gani, wa kijiji gani, na kila mara alimaliza kwa swali moja, “Nani alimfunika udongo?” Aliyoyasikia aliyabeba kichwani, akayapeleka kwa miguu kwenye nyumba zenye kungoja, na leo naona hapa akina mama walioweza kuweka matanga ya watoto wao kwa sababu Mama Yudith alibisha hodi. Matanga ya mwanawe mwenyewe aliyakataa, akasema hawezi kumlilia mtu ambaye hajui kama alizikwa au aliachwa.

Mwezi wa Mei 1951, lori lililotoka Iringa liliharibika hapa kwetu, na abiria mmoja, Bwana Halfani, fundi cherehani wa mjini Mbeya aliyepigana Burma, aliingia kunywa togwa. Mama alimuuliza habari za Isakwisa, akajibu kwamba hamjui, ila askari wa pande hizi aliyekuwa rafiki yake aliitwa Kalinga. Dada Marta alikuwa jikoni, anakumbuka jinsi Mama alivyojifunika uso kwa kanga na kusema, “Mwanangu, jina hilo humu ndani halitajwi, ni la mkwe wangu,” na Bwana Halfani, mtu mwenye adabu zake, akaomba radhi, akageuza mazungumzo, akaenda zake.

Mwezi wa Aprili mwaka huu miguu ya Mama ilianza kuvimba na pumzi kumpungua, nikamchukua kwangu Iringa, akalazwa Tosamaganga, na huko aliwauliza hata wagonjwa wa wodi ya pili kama wamewahi kuwa askari. Alifariki Jumapili, tarehe 14 Julai 1957, saa kumi na moja alfajiri, swali lake likiwa bado mdomoni.

Jana jioni, tulipokuwa tunauliza wazee majina ya ukoo ili tuyaweke humu, mmoja akasema mkwe wa marehemu alikuwa Kalinga, mchukuzi wa mizigo, na Bwana Halfani, aliyekuja kutupa pole, akaweka kikombe chini. Akatuuliza kama kaka yetu alikuwa na sikio la kushoto lililokatika ncha, nasi tukamjibu ndiyo, maana mbwa alimng'ata Isakwisa akiwa na miaka sita. Akasema yule rafiki yake wa Burma, Kalinga, alimwambia kwamba alijiandikisha kwa jina la babu yake, aliyebeba mizigo asihesabiwe na mtu, ili safari hii jina hilo liitwe kila asubuhi mbele ya jeshi. Alipigwa risasi tarehe 9 Novemba 1944, katika bonde la Kabaw huko Burma, mvua ikinyesha. Marta akauliza lile swali kwa niaba ya Mama, nani alimfunika udongo, na Bwana Halfani akajibu huku analia, “Ni mimi.”

Sina wa kumlaumu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mtoto alimheshimu babu yake, mama alimheshimu mkwe wake, mgeni akamheshimu mwenye nyumba, na heshima hizo tatu zikamnyima Mama habari aliyoitafuta kwa miaka yote ile, nayo ilikwisha kufika jikoni kwake.

Tunawashukuru madaktari na masista wa Tosamaganga, Bwana Ahmadi aliyetoa lori kumleta Mama nyumbani, majirani mliochimba kaburi kwenye baridi hii, walimu wenzangu wa Iringa, na askari wote mliokunywa togwa yake na kumwita mama. Matanga haya ni ya watu wawili.

Mama, niwie radhi, leo nimelitaja jina la mkwe wako mbele yako, na Kalinga uliyemnyamazisha alikuwa mwanao. Hakuachwa porini. Aliyemfunika udongo amesimama hapa kando yako, na tumemwomba yeye awe wa kwanza kukufunika wewe. Lala sasa, Mama, usiulize tena.