Miezi 371 ya Tope: Tsvetana Dragneva Anastaafu

Agosti ya mwaka huu imepotea. Ilipotea kuanzia Jumanne tarehe 12, saa mbili asubuhi, na haipatikani tena. Ndiyo maana Tsvetana Dragneva, anayestaafu Septemba 30 baada ya miaka thelathini na moja kamili, anatuachia vipimo vya miezi 371 badala ya 372.

Alianza Oktoba 1994, hapa hapa kwenye kituo chetu cha utafiti wa bahari karibu na Burgas, Bulgaria. Kazi ilielezwa kwa sentensi moja: kila Jumanne ya pili ya mwezi toka na boti, zamisha bomba, leta tope la ghuba, pima amoniamu, kemikali itokanayo na uozo. Mshahara ulielezwa kwa sentensi fupi zaidi.

Bila yeye tusingejua kwamba tope lina misimu. Februari limelala na baridi: 38 kwa kipimo chetu. Agosti mwani uliokufa huozea chini, na kipimo kinapanda hadi 412, karibu mara kumi na moja. Dhoruba za Oktoba zikilivuruga, amoniamu yote huingia majini, na wafuga kome ndio wa kwanza kulia. Humpigia simu Tsvetana, si mkurugenzi.

Mwaka 2006 gari la kituo lilikufa, akapanda basi na bomba lililojaa tope mapajani, limesimama wima. Kondakta akauliza, "Dada, umebeba nini hicho?"

"Februari," akajibu, "na usiitikise."

Sisi tulioingia kama mafundi wa injini tulijifunzia hesabu mezani kwake. "Sifuri hiyo umeipima au umeiota?" alikuwa akituuliza.

Agosti hii boti ilikuwa na kazi kubwa zaidi: kupeleka wageni wa ofisi kuogelea, hadi tarehe 31.

"Tope halikimbii, dada," alisema mkurugenzi, Dokta Valchev. "Mtalichota Septemba."

"Tope halikimbii, Dokta. Agosti ndiyo inakimbia."

Akabaki gatini na bomba lake mpaka saa saba mchana.

Sasa tunasikia mpango wa akili nyingi: kuanzia Oktoba tope lipimwe mara moja tu kwa mwaka, Februari. Hongera. Kwenye karatasi ghuba itakuwa safi ajabu, na hakuna atakayelowa hata soksi.

Dada Tsvetana, asante. Lala Jumanne zote mpaka jua lipande. Tunakuombea afya na siku nyingi za raha.

Kwako Dokta Valchev, swali moja. Jumanne, Oktoba 14, boti inatoka kuchota tope: ndiyo au hapana? Tunataka jibu kwa maandishi kabla ya saa sita mchana, Jumatatu Septemba 29, ili dada awe na siku moja ya kumkabidhi mtu bomba.