Ghorofa la Plastiki Sebuleni kwa Timazi

Kijiwe chetu ni benchi moja refu mbele ya duka la kinyozi, na ndoo ya rangi iliyogeuzwa kwa anayechelewa. Ukikaa hapo unatazamana na kiwanja kilichozungushiwa mabati. Nyuma ya mabati hakuna kitu, maana ghorofa lililokuwa linajengwa humo lilianguka asubuhi moja kabla halijaezekwa. Mimi ni mchomeleaji, hapa wananiita Cheche. Kushoto kwangu hukaa Waziri, ambaye hajawahi kuwa waziri wa chochote ila koti halimtoki mwilini. Kulia ni Betri, fundi simu, mdomo wake haujawahi kuisha chaji. Kinyozi mwenyewe huchangia akiwa mlangoni, mashine mkononi, mteja nusu kichwa. Kahawa ni ya Mama Birika, anayesikia yote na kusema akipenda. Aliyepungua ni Timazi, mwashi tuliyempa jina hilo la uzi wa kupimia ukuta kwa sababu hakuna ukuta wake uliowahi kupinda. Mdogo wake, mwashi kama yeye, aliyekuwa akikaa nasi hapa, alifia kwenye ghorofa lile. Tangu mazishi Timazi hajarudi kijiweni. Amejifungia sebuleni kwake, analijenga upya ghorofa lilelile kwa vitofali vya plastiki, vile vya watoto vyenye vinundu vya kubanana. Na sisi mchana ule, kama mchana mwingine wowote, tulikuwa tunamjadili yeye.

Waziri: Nimeshawaambia, ule ni ushahidi. Kesi ya mkandarasi ikiitwa, anaingia na ghorofa lake, analiweka mezani, anamwambia hakimu, tazama kwa macho yako.

Betri: Atalitolea mlango gani? Lile dude linakaribia taa. Mkewe ameshahamishia makochi uani, wageni wanapokewa chini ya kamba ya nguo.

Kinyozi: Makochi uani? Na mvua hii?

Betri: Yamefunikwa turubai.

Kinyozi: Basi huyo hana habari na mahakama. Mtu wa mahakama anatafuta wakili, hafukuzi makochi.

Waziri: Wewe mambo ya mahakama umeyajulia wapi?

Kinyozi: Mawakili nawanyoa.

Betri: Mimi nasikia wako watu wanavinunua vitu vya namna ile. Wanaviweka ndani ya kioo, wageni wanakuja kushangaa.

Mama Birika: Nani aweke ndani ya kioo nyumba iliyoua watu?

Betri akapuliza kahawa yake. Lakini Waziri alikuwa ameshapata lingine.

Waziri: Sikilizeni basi. Anamtega mkandarasi. Analimaliza, anampelekea salamu, njoo uone kazi. Mkandarasi anaingia, mlango unafungwa.

Betri: Halafu? Anamtwanga na vitofali vya chekechea?

Waziri: Halafu hatoki mpaka aseme.

Kinyozi: Aseme nini ambacho hatukijui? Mimi nina wazo jingine, msinicheke. Mmeona Timazi alivyokonda? Kila nikimwona dirishani amepungua. Yule anajipunguza makusudi. Siku moja mkewe ataingia na chai, sebule tupu, jamaa ameshaingia ndani ya ghorofa lake, amekaa chumba cha juu.

Betri alicheka. Mteja naye akacheka, kichwa kikatikisika, Kinyozi akamshika kidevu. Mama Birika hakucheka, na kicheko kikatuishia midomoni.

"Mimi nimeliona," nikasema.

Wote wakanigeukia. Kweli sikuwa nimewaambia. Mke wa Timazi aliniita kurekebisha bawaba ya dirisha la sebule, nami nilikaa na jambo lile moyoni kwa sababu sikujua nilielezeje.

Waziri: Umeliona, na ukatuacha tunaropoka hapa?

Mimi: Mlikuwa mnaropoka vizuri.

Betri: Haya, sema. Likoje?

Mimi: Rangi zake zimevurugika. Nyekundu, njano, buluu, kwa sababu vitofali ni vya kuokoteza. Vingi vimetoka kwenye ile shule ya chekechea iliyofungwa, mkewe si alikuwa mwalimu pale. Vingine ni vya mtoto wa marehemu. Lakini ukitulia ukalitazama, rangi zinapotea. Unaliona ghorofa. Nguzo ziko zote. Lundo la kokoto lipo. Tundu walilokuwa wakipitishia kamba ya ndoo lipo. Kila ghorofa inafunuka kama kifuniko cha sufuria, unaona vyumba hadi ndani.

Kinyozi: Na yeye mwenyewe?

Mimi: Ncha za vidole zimechubuka. Anakula amesimama, sahani juu ya redio. Mkewe anapita ukutani kama mwizi ndani ya nyumba yake, asije akaligusa.

Waziri: Alikwambia chochote?

Mimi: Aliniuliza pipa la maji lilikuwa upande gani wa mlango. Nikamwambia kushoto, nalikumbuka, nilikuwa naliona nikiwa hapa kwenye benchi. Akasema asante. Akalitoa kulia, akaliweka kushoto. Akalitazama. Kisha akabomoa ukuta mzima wa mbele, kazi ya siku nyingi, akaanza upya, kwa sababu pipa likikaa kushoto, mlango hauwezi kuwa pale alipokuwa ameuweka.

Kinyozi alizima mashine.

Betri: Anatafuta kilichoangusha ghorofa.

Waziri: Kilichoangusha kinatafutwa? Saruji walikuwa wananyunyiza kama chumvi. Mbao walitoa zege likiwa bichi. Hata mimi nisiyejua kushika mwiko nayajua hayo. Timazi ashindwe?

Betri: Basi anatafuta nini?

Hapo ndipo tulipomwona mke wa marehemu. Alikuwa anatoka upande wa nyumba ya Timazi, kikapu cha mtoto mkononi, kitupu. Kwa kawaida hupita akatusalimia kwa mbali, nasi humwitikia kwa heshima, basi. Siku ile alikuja moja kwa moja. Kinyozi akatoa kiti ndani. Waziri akasogea ingawa nafasi ilikuwepo.

"Karibu, shemeji," nikamwambia.

"Asante." Akakaa. Kikapu akakipakata.

Mama Birika: Umetoka kwa kaka wa mume wako?

Yeye: Nimetoka huko. Mtoto analilia vitofali vyake, anataka kuchezea. Nikasema nikavichukue.

Mama Birika: Amekataa?

Yeye: Hakukataa. Aliniambia nisubiri, akaanza kuvinyofoa kimoja kimoja kutoka ukutani. Kila akinyofoa anaangalia pengo. Nikamwambia, acha shemeji, viache, mtoto atasahau. Akavirudisha palepale.

Mama Birika alimmiminia kahawa akampa. Aliishika kwa mikono miwili.

Yeye: Sikuwahi kuingia mle tangu aanze. Nilijua anajenga, lakini sikujua anafanya nini.

Betri: Anafanya nini, shemeji?

Nilitaka kumkanyaga mguu. Lakini mwanamke alikuwa amekuja kusema, na akasema, taratibu, akitazama mabati.

Yeye: Kuna mtu mdogo wa plastiki, wa mwanangu. Ana kofia. Amemweka ghorofa ya tatu, kwenye chumba alichokuwa akipanga matofali mume wangu. Shemeji anamshika hivi, kwa vidole viwili, anamtembeza. Anamtoa chumbani, anampitisha koridoni, anamfikisha kwenye ngazi. Akifika kwenye ngazi anamgeuza. Anamrudisha koridoni, anampeleka kwenye jukwaa la miti, nje. Huko ndiko walikomkuta. Halafu anamrudisha chumbani, anaanza tena. Wakati mwingine anampitisha dirishani. Wakati mwingine kwenye lile tundu la kamba. Kote hakupitiki.

Waziri alitoa kitambaa mfukoni, akakishika tu.

Betri: Anamtafutia pa kutokea.

Alilisema kwa sauti ya chini, kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Yeye: Kwenye ngazi pana kitofali kirefu kimekingamishwa. Nikamuuliza, hiki ni nini? Akasema ubao. Hakutaka kuendelea. Nikamwambia, shemeji, mimi ndiye niliyezika mume, niambie. Akaniambia ngazi ilikuwa mbichi. Alikuwa ameisakafia asubuhi ileile, akaweka ubao mtu asije akaikanyaga. Akamwambia mdogo wake, usipite hapa mpaka nitakapokwambia. Akashuka kufuata maji. Ndipo zege la juu likaanza kulia kwa kupasuka.

Mama Birika: Yarabi.

Yeye: Walikuwa watatu kule juu. Wenzake wawili waliuruka ubao, wakaikanyaga ngazi ikiwa bichi hivyohivyo, wakatoka. Wako hai. Wao ndio waliomsimulia shemeji. Wanasema walikimbia naye pamoja, wakaruka, wakageuka kumwita. Yeye alikuwa amesimama mbele ya ubao. Akautazama. Akageuka, akaelekea jukwaani.

Mteja wa Kinyozi alikuwa ametoka na shuka shingoni, amesimama mlangoni, nywele upande mmoja. Gari la taka lilipita, tukalisubiri lipite.

Yeye: Nilimwambia shemeji, si kosa lako, uliweka ubao kama fundi yeyote. Aliuinua ule ubao wa plastiki, akamshusha yule mtu ngazi zote mpaka chini, akamsimamisha karibu na pipa la maji. Akamwacha pale kidogo. Kisha akaurudisha ubao, akampandisha juu. Mkewe ananiambia ndivyo kila siku. Anasema alitegemea likiisha mume wake atarudi. Sasa limeisha, na yeye yumo mle lakini hayupo.

Tulidhani amemaliza. Waziri alikohoa, akawa anajiweka sawa kutoa yale maneno yake ya pole, yale marefu. Lakini mwanamke alikuwa amenyoosha mkono, kiganja chini, usawa wa chini ya goti.

"Ubao wenyewe ulikuwa wa hapa," akasema. "Hata mtoto angeuruka."

Akatutazama mmoja mmoja, kuanzia Betri mpaka kwa Kinyozi.

"Nyinyi mlikaa naye hapa kila siku, miaka yote. Mnamjua kuliko nilivyomjua mimi, mimi alikuwa anarudi amechoka. Niambieni. Kwa nini hakuuruka?"

Waziri alikikunja kitambaa chake, akakirudisha mfukoni. Betri alishika simu iliyokuwa imefumuliwa mapajani pake, skrubu moja ikaanguka, hakuifuata. Mimi nilijaribu kumkumbuka yule kijana, sauti yake, alivyokuwa akicheka, alivyokuwa akimwita Timazi "kaka" hata wakigombana. Nikatafuta la kumwambia mjane wake.

Alingoja. Alingoja kweli, kama mtu aliyeuliza njia kwa wenyeji. Kisha akakiweka kikombe kwenye benchi, kikiwa kimejaa, akatushukuru, akachukua kikapu chake, akaenda nyumbani alikokuwa akisubiriwa na mtoto.