Cy Young wa Ngoliba

Awiti: Haloo? Anko Okello, leo umepiga badala ya kuflash nikupigie? Kwani kuna nini?

Erastus: Si anko. Ni mimi.

Awiti: Mimi nani? Sauti inatoka kama umefunikwa na sufuria.

Erastus: Erastus. Ndugu yako. Simu yangu imezima, nimeomba ya anko, hii inayopiga kelele kama redio. Sasa sikiza, kredo ya simu ni kidogo na—

Awiti: Ala, bwana harusi. Niaje? Ngoja. Carolyne, zima hiyo drayer, ni ndugu yangu anapiga kutoka kwa wakwe.

Erastus: Umeniweka kwa loudspeaker?

Awiti: Mikono yote iko na mafuta, nitashika simu na nini, meno? Halafu hapa saluni ni watu wa nyumbani tu, wale wa kila Jumamosi. Wanakusalimia.

Erastus: Awiti, toa loudspeaker.

Awiti: Huko Ngoliba hamkuniita. Basi wacha hata nisikie. Sema. Wamekubali?

Erastus: Mambo imeharibika.

Awiti: Imeharibika vipi? Si mlitoka hapa Wendani asubuhi mkiimba, na mbuzi kwa pickup zikiimba pia?

Erastus: Ongea pole pole. Niko nyuma ya nyumba. Nimewaambia naenda choo.

Awiti: Sasa si uingie tuongee vizuri?

Erastus: Kuna mtu ndani. Nadhani ni dereva wetu, amekunywa maziwa lala ya watu tangu tufike. Lakini ni sawa, nimesimama hapa nje kama mtu anangoja zamu yake. Awiti, ulimtumia anko voice note gani?

Awiti: Voice note ya nini?

Erastus: Usinifanyie hivyo.

Awiti: Nilimsaidia. Mzee alikuwa analala na wasiwasi. Si ndiye alitakiwa kusimama amsifu kijana? Utasifiwa nini, kwamba unachoma mbuzi Kamakis na bado una vidole vyote? Na Mbula mwenyewe, huyo mchumba wako, siku ile namsuka, aliniambia mama yake anapenda besiboli. Nikasema, haya, si Erasto alicheza hiyo kitu shule? Nikaingia kwa internet nikachukua sifa mbili tatu.

Erastus: Ulichukua zote.

Awiti: Anko alisema nini?

Erastus: Alisimama. Akavuta suruali juu vile yeye hufanya. Akasema wanaona huyu kijana amekaa kimya, lakini kijana huyu amechukua Cy Young mara tatu.

Awiti: Na hiyo si ndiyo tuzo kubwa?

Erastus: Ni kubwa. Ni ya wale wanarusha mpira. Halafu dakika hiyo hiyo akaongeza kwamba nilikuwa mpigaji hatari sana. Ni kama kumwambia mtu kipa wenu amekuwa mfungaji bora wa ligi mara tatu.

Awiti: Kipa anaweza kupiga penalti.

Erastus: Awiti.

Awiti: Naongea tu. Endelea. Hapa hakuna mtu anapumua.

Erastus: Akasema tena mimi ndiye nina rekodi ya home run duniani, zile za kutoa mpira nje ya uwanja. Mia nane sitini na nane.

Awiti: Hiyo niliiona na macho yangu, ilikuwa imeandikwa hapo.

Erastus: Imeandikwa ya Sadaharu Oh. Mjapani. Alizipiga huko kwao Japan, na alistaafu kabla mimi na wewe tuzaliwe.

Awiti: Na wewe umejuaje hayo yote ghafla?

Erastus: Nimeambiwa na Mama Mbula.

Awiti: Anajua hiyo vitu?

Erastus: Wewe si ulisema anapenda?

Awiti: Nilidhani anapenda vile mimi napenda Arsenal. Sijui hata mchezaji mmoja, ni rangi tu.

Erastus: Huyu mama alifanya kazi kwa nyumba ya Wajapani pale Juja miaka mingi. Wakicheza Jumamosi walikuwa wanagombana nani awe refa, mwisho wakamweka yeye, kwa sababu hana ndugu kwa timu yoyote. Kila rekodi anaijua. Wakati anko anaongea, baba yake Mbula, Mzee Musau, alikuwa anapiga makofi. Mama aliweka kikombe chini.

Awiti: Uwiii. Carolyne, umesikia? Aliweka kikombe chini.

Erastus: Usimwambie Carolyne.

Awiti: Ameshasikia. Halafu? Akakutazama?

Erastus: Anitazame aje, na mimi ni mkwe? Kwao mkwe na mama mkwe hawatazamani. Alikuwa anaongea na ukuta, mimi naangalia viatu vyangu. Aliuliza ukuta hivi, kijana wa Cy Young tatu hawezi kukosa kujua kitu kimoja. Ni nani kati ya warushaji wote ameshindwa mechi nyingi zaidi? Akasema atarudi achukue jibu. Akajifunga leso, akatoka.

Awiti: Akaenda wapi?

Erastus: Jikoni, nadhani. Na Mzee Musau akasema leo hana la kuongeza. Zile mbuzi tatu za ntheo, za kufungua posa, zibaki kwa pickup mpaka mama aseme zishushwe. Akikataa, tunarudi nazo.

Awiti: Mrudi na mbuzi? Barabara yote ya Thika, watu wakiona?

Erastus: Mbula amekaa pale anang'oa nyuzi za kitambaa cha meza. Akimaliza hicho kitambaa bila mimi kurudi na jibu, Awiti, nimeisha. Hiyo ndiyo hali.

Awiti: Sawa. Hapo sasa nimekusikia. Carolyne, wewe ndiye wa chuo kikuu, tafuta. Aliyeshindwa mechi nyingi, besiboli, wale wa kurusha. Anasema bundles zake za internet zimeisha. Chukua simu yangu hiyo hiyo— hapana, ndiyo tunaongea nayo. Chukua ya Dianah. Dianah, toa password, hakuna mtu ana haja na meseji zako za huyo fundi wa—

Erastus: Awiti, kredo.

Awiti: Anatafuta. [kelele za mtandao] Erasto, na hiyo nyama yao ni nzuri?

Erastus: Sijala.

Awiti: Na wale shangazi zake, wamevaa aje?

Erastus: Awiti.

Awiti: Amepata. Anasema ni Cy Young.

Erastus: Sijauliza tuzo, nimeuliza mtu.

Awiti: Ni mtu. Tuzo ilipewa jina lake. Anasoma hapa... ameshinda mia tano na kumi na moja, hakuna mwingine amefika hapo. Na ameshindwa zaidi ya mia tatu, hakuna mwingine amefika hapo pia. Rekodi zote mbili ni zake.

Erastus: Ameshindwa hivyo na bado wakaita tuzo jina lake?

Awiti: Kumbe. Huyo ni wewe na mtihani wa leseni ya gari, isipokuwa wewe bado hujaanza kushinda. Haya, umepata jibu. Rudi ndani, kaa vizuri, uambie ukuta ni Cy Young. Ongeza kwamba unajua kwa sababu hiyo tuzo umelala nayo chini ya kitanda.

Erastus: [kimya]

Awiti: Haloo? Umekatika?

Erastus: Niko. Siendi kusema hivyo.

Awiti: Umeanza.

Erastus: Nikijibu hilo swali, nimekubali zile tuzo tatu na zile home run zote. Huyu mama si wa swali moja. Ataniletea lingine Krismasi, ataniletea lingine kwa matanga, mtoto akizaliwa ataniletea mawili. Mimi nitakuwa nakimbia nyuma ya choo na simu mpaka nizeeke.

Awiti: Utakuwa na bundles.

Erastus: Awiti, mimi nilicheza hiyo kitu muhula mmoja. Yule mwalimu wa kujitolea alileta fimbo na glavu tatu, tukapangwa. Kila nikisimama kupiga, napiga hewa. Mara moja tu ndio nilifika base ya kwanza, pale mpigaji anafaa kukimbilia, na ni kwa sababu mpira ulinipiga hapa kwa nyusi. Sheria inasema ukipigwa unaenda bure.

Awiti: Si ulimwambia mama ulianguka na baiskeli?

Erastus: Ningemwambia nimepigwa na mpira nikilia mbele ya shule nzima?

Awiti: [kicheko] Pole. Nacheka na mdomo tu. Hawa ndio wanacheka na mwili.

Erastus: Na hiyo kazi ya Kamakis mnaficha, ndiyo ilinipatia Mbula. Alinunua nusu kilo, akaenda akakaa, akarudi nayo kuniambia haijaiva. Jumapili nzima watu wamejaa, wote wanakula tu, na ni yeye peke yake alirudisha. Nikaichoma tena, akarudisha tena. Huyo ndiye nataka. Sasa nimpate kwa tuzo ya mtu mwingine? Wacha nirudi niseme ukweli, zikirudi mbuzi zirudi.

Awiti: Na anko aonekane mwongo?

Erastus: Anko amelala kwa kiti. Hata hajui ameulizwa.

Awiti: Basi ngoja, usikimbie. Hizo mbuzi, hata kama zinarudi, zisipotee. Ngoliba hiyo, zimekaa kwa pickup barabarani, nani anazichunga?

Erastus: Dereva.

Awiti: Dereva gani? Si ulisema dereva yuko choo?

Erastus: Yuko— Ngoja nichungulie kwa kona.

Awiti: Erasto?

Erastus: [kimya]

Awiti: Erasto, unaona nini?

Erastus: Dereva yuko kwa gari. Anawapa mbuzi majani.

Awiti: Basi ni nani yuko choo?

Erastus: [kimya]

Awiti: Erasto. Huyo mama alitoka amejifunga leso, sivyo? Jikoni ulimwona, ama ulidhani?

Erastus: Nilidhani.

Awiti: Woi. Carolyne, nishikie kitana. Erasto, usikimbie. Ukikimbia atasikia viatu.

Erastus: Awiti, ni mama mkwe. Nimesimama mlangoni mwa choo cha mama mkwe tangu nikupigie. Hawezi kutoka kwa sababu mimi niko hapa. Na kila kitu nimesema—

Mama Mbula: Kijana.

Erastus: [kwa sauti ya chini] Ameongea.

Awiti: Mjibu.

Erastus: Naam, mama.

Mama Mbula: Humu ndani kuna joto.

Erastus: Pole sana, mama. Naondoka sasa hivi, mama.

Mama Mbula: Bado. Kwanza umalize. Jibu la swali langu ni nani?

Erastus: Ni Cy Young mwenyewe, mama. Lakini sikuwa najua. Nimeambiwa na Carolyne, anasukwa hapo kwa dada yangu.

Mama Mbula: Nimemsikia. Huyo Carolyne anajua kusoma. Na huo mpira, ulikupiga upande gani?

Erastus: Kushoto, mama. Kwa nyusi.

Mama Mbula: Ukafanya nini?

Erastus: Nililia.

Mama Mbula: Kwa base ya kwanza ulienda ama ulienda nyumbani?

Erastus: Nilienda base, mama. Nikilia.

Mama Mbula: Kuna mtu anaitwa Jennings na mwingine Biggio. Hao wawili ndio wanaongoza kwa kupigwa na mpira, kila mmoja zaidi ya mara mia mbili na themanini, na wote wamewekwa kwa ile nyumba ya mashujaa wa mchezo. Wale Wajapani walikuwa wanacheka hiyo rekodi. Mimi nilikuwa naipenda kuliko zote. Mtu anapigwa, anajipangusa, anaenda mahali anafaa kuwa.

Erastus: Ndio, mama.

Mama Mbula: Basi hiyo yako moja nimeihesabu. Zile zingine, mwambie mjomba wako akiamka azirudishie wenyewe. Hasa Oh. Huyo alizifanyia kazi.

Erastus: Nitamwambia, mama.

Mama Mbula: Na nyama, kweli alikurudishia mara mbili?

Erastus: Mara mbili.

Mama Mbula: Huyo ni mtoto wangu. Sasa sogea mpaka pale kwa mpapai, ugeuke uangalie shamba. Mimi nitoke kama mtu. Halafu uende umwambie dereva ashushe mbuzi.

Awiti: Amesema nini? Erasto, amesema nini, hapa kuna mtu anakohoa.

Erastus: Amesema dereva ashushe mbuzi.

Awiti: Dianah, nyamaza nisikie. Ashushe zote?

Erastus: Zote. Awiti, nimegeuka, naangalia mahindi. Mlango umefunguka. Sijui hata nilie ama nini.

Awiti: Usilie, umeshalia ya maisha yote shuleni.

Mama Mbula: Na huyo dada yako wa kuweka watu kwa loudspeaker. Mbona hayuko hapa?

Erastus: Gari ilikuwa imejaa, mama.

Awiti: Imejaa mbuzi. Mwambie hivyo. Nilipitwa na mbuzi tatu.

Mama Mbula: Nimekusikia, mama. Nyumba ya harusi haiendi bila mdomo, na huyu wenu aliyekuja na mdomo amelala. Funga kazi yako uje ule.

Awiti: Leo?

Mama Mbula: Sasa. Na huyo msomaji mje naye, nina maswali.

Awiti: Asante sana, mama. Mungu akubariki. Erasto, hebu geuka kidogo umuulize, ni mimi na Carolyne tu, ama hata hawa wengine? Kwa sababu wameshavaa viatu.

Erastus: Awiti, siwezi kugeuka. Na kredo inaanza ku—

Awiti: Muulize basi ukiangalia mahindi. Mko na viti vingapi? Haloo? Haloo, Erasto? Imekatika. Sijasikia akisema hapana. Carolyne, funga kitambaa, hiyo nusu ya kichwa nitakumalizia kwa gari.